Kiboksi cha Nadhir

Wassila alikuwa ndani ya eda, na katika nyumba ya mama mkwe wake, mji mkongwe wa Constantine, mjane hakuvuka kizingiti mpaka eda iishe. Kuta zilikuwa nene, simu ya mkononi haikushika mtandao. Njia iliyombakia ya kufika nje ni intaneti ya waya wa simu aliyoiingiza marehemu mumewe, Nadhir.

Leo baada ya adhuhuri shule moja ya Algiers ingemsaili kwa video. Akipita, angefundisha huko na kupewa chumba. Asipopita, eda ingekwisha naye angali humu humu, kwenye kochi lile lile, akiwamiminia kahawa wageni wa rambirambi.

Lakini tangu juzi, kila mama mkwe wake, Lalla Zoubida, alipoinua mkonga wa simu ya ukumbini, taa ya modemu ilizimika.

"Si mlisema intaneti pana?" mama mkwe alimchokoza. "Pana wapi, na waya wenyewe mwembamba kama tambi?"

Wassila alimweleza taratibu. Upana haukuwa wa waya, ulikuwa wa mawimbi yapitayo ndani yake. Maongezi yalipita chini, penye sauti nzito, ukanda mdogo tu. Intaneti ilichukua kanda zote za juu zisizosikika, ndiyo maana iliweza kubeba mengi kwa pamoja. Nadhir alikuwa amechomeka kiboksi cheupe cha kuchuja, ili simu isiziingilie kanda za juu. Sasa ukutani hakikuwapo.

"Ninacho mimi." Lalla Zoubida alikitoa kifuani mwa kanzu yake ya gandura. "Alikifunga kwa mkono wake."

"Niazime kidogo tu, Lalla."

"Kwa hiyo bila hiki, nikiinua simu, wewe unakatika?"

"Nakatika."

Mama mkwe akakirudisha kifuani. "Basi sitainua, binti yangu. Nenda kaongee na hao wa Algiers."

Usaili ulikwenda vizuri. Mwalimu mkuu alicheka mara mbili tatu, kisha akamuuliza, kwa sauti iliyofika hadi ukumbini, angeweza kuanza lini. Wassila alipofungua kinywa kujibu, picha iliganda. Taa ikazimika.

Alikwenda ukumbini. Simu haikuwa imelia. Lalla Zoubida alikaa kando ya simu, mkonga sikioni, machozi yakimtiririka, wala hakuwa akiongea na mtu. Kutoka kwenye mkonga ulisikika ule mlio mmoja mrefu wa simu isiyopigwa popote.