Kisanduku Kisicho na Jina

Elinipa alifika Kigoma mwezi wa tano, mwaka ule ambao meli ilikuwa haipumziki: inakwenda Kagunga kupakia Warundi, inawashusha mjini, inageuza. Alikuwa Mpare wa Usangi, mwanamke wa miaka arobaini, na surua ilikuwa imemchukua macho tangu utotoni. Shirika lililomwajiri lilitafuta ndugu waliopotezana njiani. Wenzake walikwenda kuwarekodi wakimbizi kwa simu. Yeye alibaki ofisini Rusimbi, akisikiliza sauti zao na kuziandika. Kompyuta yake ilikuwa na programu ya kusoma skrini, na kila alipobonyeza, sauti kavu ya mashine ilimtajia sikioni alipofika.

Kufikia mwisho wa Juni alikuwa na uchovu ambao hata akilala hauishi. Na kompyuta nayo ilikuwa imejaa pomoni. Akiandika neno, mashine ilimtajia baada ya nusu dakika. Mara nyingine ilinyamaza kabisa, akabaki ameinua vidole, hajui kama imezima au bado inajivuta.

Rekodi iliyomkwamisha siku hiyo ilikuwa ya Yusta, mama wa makamo kutoka Rumonge, aliyelazwa hospitalini kwa kuvunjika mguu. Alikuwa anamtafuta binti yake, Mwanaima. Elinipa alikuwa ameisikiliza mara tatu, na mara zote kompyuta iliganda kabla hajaandika hata ukurasa mmoja. Akampigia Selestini, fundi wao, aliyekuwa Kasulu kambini.

"Si kuna ile programu ya kusafisha niliyokuwekea?" Selestini alisema. "Fungua, weka alama, bonyeza safisha. Ni takataka tu hizo, dada."

Akaifungua. "Mafaili ya muda, kisanduku, kina alama," mashine ilisema. "Pipa la taka, kisanduku, kina alama." Vikapita saba vya namna hiyo. Kisha ikasema, "Kisanduku. Kisanduku. Kisanduku." Vitatu vya mwisho havikuwa na jina. Aliyeitengeneza programu alikuwa amechora picha, akasahau kwamba wapo watu wasioziona.

"Joanitha," alimwita karani wa meza ya jirani, "hebu nisomee hapa chini pameandikwa nini."

Joanitha aliinama begani kwake. "Hapajaandikwa kitu. Ni vipicha tu. Hiki cha mwisho ni mshale unaoangalia chini."

"Mshale wa nini?"

"Nitajuaje, dada Eli? Na gari linanipigia honi." Akaondoka.

Maisha yake yote Elinipa alikuwa mtu wa kuuliza hadi watu waudhike. Siku hiyo alichoka kuuliza. Akaweka alama vyote vitatu, akabonyeza.

Mashine ikawa nyepesi kama mpya. Herufi zilimkimbilia vidoleni, akacheka peke yake. Kisha akafungua folda ya rekodi.

"Folda tupu."

Akatoka, akaingia tena. "Folda tupu."

Alimpigia tena Selestini, akamweleza vile visanduku vitatu. "Huo mshale ni vitu vilivyopakuliwa, dada, na rekodi zako zinakaa humo. Kwenye simu je?"

"Simu tuliifuta asubuhi, warekodiwe wengine."

"Basi imekwenda. Hiyo programu ikifuta, imefuta."

Rekodi nyingine zote zilikuwa zimeshatumwa makao makuu. Ya Yusta peke yake ndiyo iliyopotea. Elinipa alikaa mikono mapajani, kisha akachukua fimbo yake nyeupe, akapanda bajaji hadi hospitali. Nesi alimshika mkono hadi kitandani.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye ninayeandika maneno yenu. Sauti yako nimeifuta. Ni kosa langu."

Yusta hakupandisha sauti, na hilo lilimuuma Elinipa zaidi. "Kagunga nimesema," alisema. "Melini nimesema. Kiwanjani walikotulaza nimesema, na kwenu nimesema. Nimechoka kusema, mwanangu."

"Basi usiseme. Nitasema mimi, unisahihishe nikikosea."

Akaanza. Alisema walivyoondoka Rumonge, mume akiwa mgonjwa. Walivyomzika Kagunga, juu ya ufukwe uliojaa watu hata pa kulala hapana. Yusta aliitikia, "Ndiyo. Ndiyo." Elinipa akafika palipokuwa na mitumbwi. "Watu wakasukumana, mkono wa Mwanaima ukakuponyoka, hukumwona tena."

Yusta akamshika mkono kumzuia.

"Hapo sipo," alisema. "Hakuna aliyetusukuma. Nilimfukuza."

"Ulimfukuza?"

"Alikuwa na mimba ya mvuvi wa Congo, Heritier. Nimetoka kumzika baba yake, ndipo ananiambia. Nikamwambia mbele za watu asinifuate. Akapanda mtumbwi wa kwenda ng'ambo, Congo." Akavuta pumzi. "Nilipousema mwenyewe, uongo ulinipita. Ulipousema wewe, nimeusikia."

Elinipa akaketi ukingoni mwa kitanda. Tangu Yusta alipomtaja binti yake kule kiwanjani, mwezi mzima wenzake walikuwa wamepekua orodha za kambi za Tanzania, wakitafuta binti mwenye jina la baba yake.

"Atakuwa amejiandikisha kwa jina la nani, mama?"

"La huyo Heritier. Ana kiburi kama mimi."

Kesho yake Elinipa aliandika yote upya, akatuma. Jibu lilikuja Agosti, Yusta akiwa ameshahamishiwa kambini. Elinipa alimpigia simu mwenyewe.

"Mama, amepatikana. Yuko Baraka, huko Congo. Amejifungua mtoto wa kike, wote wazima. Ameambiwa unamtafuta."

"Akasemaje?"

Elinipa angeweza kulainisha jibu. "Amesema atafikiri."



"Afikiri," Yusta alisema. "Nilimwambia mengi siku ile. Ukisikia neno, hata baya, unipigie."

"Nitakupigia."

Alikata simu, akavaa tena visikilizi. Asubuhi hiyo walikuwa wamemletea rekodi sita. Akafungua ya kwanza, mzee mmoja akaanza kutaja majina ya wanawe, polepole, naye akaanza kuandika.