Gari la Watu Wawili

Mama mkwe wangu nusura ahame nyumbani kwangu kwa sababu ya gari. Mpaka leo nikilikuta pale uani nalicheka kwanza, ndipo naliwasha.

Nianze na yeye mwenyewe. Mama huyu hasemi jambo wazi hata umbane mlangoni. Akitaka redio ipunguzwe atasema, "Leo tuna wageni wengi." Chai ikikosa sukari atauliza kama duka la jirani limeshafungwa. Mimi ni mkunga, na kazini kwangu hakuna mafumbo: vuta pumzi, sukuma, hongera. Nusu ya anayoniambia hunipita hivihivi, naye hunihurumia kama mtu anavyomhurumia mtoto mzito wa kuelewa.

Zamani tulitoka asubuhi watatu katika gari letu kuukuu. Mimi kwenye usukani, Mama kando yangu na kikapu chake cha vifungo na zipu, maana ana meza sokoni, jirani na hospitali yetu. Nyuma alijikunja mume wangu, mwalimu wa jiografia ambaye wanafunzi walimbandika jina la Dira nalo likaganda. Bwana huyu hajui kuendesha, lakini kuelekeza, mwachie yeye. "Kata kushoto. Shimo hilo. Ungepita kule." Njia ni ileile kila siku ya Mungu!

Kisha gari likafa. Lilifia mbele ya lango la hospitali, na wataalamu wote mle ndani hawakuweza kulisaidia. Bahati nzuri Dira alikuwa amehamishiwa shule iliyo nyuma ya nyumba yetu, anaruka mtaro amefika. Nikajiambia, sasa ni zamu yangu. Tangu usichana natamani gari la spoti, na nywele zimeanza kuwa na mvi nikiendesha vitu vyenye umbo la kabati.

Nililipata kwa mhandisi mmoja mstaafu: jekundu, fupi, limelala chini kama paka anayevizia, milango miwili, viti viwili. Fundi wangu alifunua mazulia kutafuta kutu, akaingia uvunguni, akakanyaga klachi huku ameinamisha sikio.

"Injini nzima," alisema. "Klachi nayo ina umri wake. Ila dada yangu, hili ni gari la Jumapili."

"Watoto wanazaliwa kila siku, fundi, si Jumapili tu."

"Na hii taa ya kushoto ni mvivu."

Taa zake za mbele hujificha ndani ya boneti, ukiziwasha zinainuka. Ya kulia ilichomoka mara moja. Ya kushoto ilifikiria kwanza. Nikaipenda papo hapo.

Jioni fundi alinipigia simu nikiwa jikoni, akaniuliza tena kama nina uhakika. Nikamjibu kwa sauti yangu ya wodini, ambayo husikika mpaka geti la nje: "Viti viwili vinanitosha! Nimechoka kubebana na mtu wa kunielekeza njia kila asubuhi!" Nilikuwa namsema Dira. Lakini aliyekuwa sebuleni akisikia ni Mama, naye pia, haki yake asinyimwe, huwa na neno lake la "polepole, mwanangu" kila tukikaribia kona.

Nikalileta gari. Mama na Dira walitoka hadi barazani. Nikawasha taa kwa mbwembwe: ya kulia ikafumbuka, ya kushoto ikabaki imefumba. Gari zima likawa linamkonyeza Mama.

Alilitazama kwa muda. "Watu wangapi?" aliuliza.

"Wawili tu, Mama!"

"Fumbo mfumbie mjinga," alisema taratibu, "mwerevu huligangua."

Nikadhani anamsifu fundi kwa kugundua ile taa. "Kabisa, Mama," nikasema. "Wewe huwa huhitaji kuambiwa mara mbili."

Wiki ile nilikuwa zamu ya usiku, tukawa tunapishana tu. Mama alinirudishia pasi yangu. Akafua blanketi lake la akiba. Akasema nyumba ya mwanawe mdogo haina mtu wa kufungua madirisha, nami nikajibu kwamba madirisha ya siku hizi ni mepesi, yeyote anayafungua. Alitikisa kichwa, akaenda zake.

Ijumaa Dira alinijia uso umemshuka. "Mama anaondoka kesho. Anasema mmeelewana."

"Nani kaelewana na nani?"

"Amesema ulimwambia kwa heshima sana. Kwa gari."

Hasira zilinipanda, kisha zikanishuka zote miguuni, kwa sababu niliona chumba kile bila yeye. Ukweli ni kwamba nampenda. Mama yangu mzazi alifariki kabla sijaolewa, na huyu ndiye aliyenikalia macho kila nilipougua, akisingizia kwamba usingizi umemkataa tu.

Nilimkuta anafunga zipu ya begi.

"Mama, mimi mafumbo siyajui. Sijui kuyafumba, sijui kuyafumbua. Nikitaka mtu asukume namwambia sukuma."

"Ulisema umechoka kubeba mtu wa kukuelekeza."

"Huyo mwanao! Anatembea kwa miguu sasa. Hao watu wawili ni mimi na wewe. Kabla sijatoa hata senti nilikaa kile kiti cha pili na kikapu mapajani, nione kama kinaenea. Muulize fundi, alinicheka."

Alikaa kitandani. Mikono yake ilikuwa bado juu ya begi. "Nilidhani nimekuchosha," alisema, na lilikuwa jambo la kwanza alilowahi kunieleza bila kulizungusha popote. Nikakaa karibu naye, tukalia kidogo, kisha tukacheka kwa sababu Dira alikuwa amesimama mlangoni hajui aingie au atoke.

Jumatatu tulitoka. Kuingia aliingia kwa kujirusha, akatua kitini na kicheko. "Kukaa nimekaa," alisema, "kuinuka ni majaliwa." Nikamwambia kuinua kinamama ndiyo kazi yangu. Alipanga kikapu mapajani, kikaenea vizuri.

Ndipo Dira akatokea mbio na rundo la madaftari. Shule yake iko hatua chache, lakini mvua ilikuwa imeanza kudondoka, na alilitazama gari kwa jicho la kuomba. Mama alishusha kioo.

"Mwanangu," alisema waziwazi, kila neno mahali pake, "gari hili ni la watu wawili."

Akapandisha kioo, akanigeukia. "Twende. Polepole kwenye kona."