Hapo Mbele Tu

Mahujaji wanaoshuka kutoka Hemkund, ziwa takatifu la Masingasinga lililo juu milimani, wana ada moja: hawamwambii anayepanda ukweli wa njia. Humpa glukosi na konzi ya lozi, humwita mama hata kama hawamjui, kisha humwambia kwamba amekaribia kufika. Ni wema, hakuna anayekataa. Lakini upo wema unaoua.

Nachhattar Singh, dereva wa lori mstaafu kutoka Moga, alitaka kugeuza tangu mkewe, Bachint Kaur, alipotapika chai yote kando ya njia. Akamsihi walau apande nyumbu. Bachint akakataa katakata. Mjukuu wao Jasnoor alipokuwa hoi hospitalini, bibi huyu aliweka nadhiri: mtoto akipona, atapanda kwa miguu yake mwenyewe hadi ziwani na kujizamisha katika yale maji ya barafu. Mtoto akapona, sasa anaruka kamba uani. Bachint aliamini kwamba nadhiri isipotimizwa, Aliyempa mtoto huyo atamchukua tena. Ukimwambia kwamba Mungu hana kinyongo cha namna hiyo, alikuwa akikutazama kama mtu aliyekosa adabu.

Na kila Nachhattar alipokaribia kumshawishi, kundi likatokea juu, ndevu zimelowa maji ya ziwa, nyuso zinang'aa kwa furaha.

"Mbona umekaa, mama?" mwanamke mmoja mnene alimwambia, akimtilia lozi kiganjani. "Ni hapo mbele tu. Ukipita kona hii unaiona bendera ya hekalu."

Bachint akainuka. Kona ikapita, bendera hakuna, ila mawe na ukungu. Walipotokea wengine wakawaambia yaleyale, na Nachhattar akawaunganishia viganja kwa heshima huku akiwachukia kwa moyo wake wote.

Kisha midomo ya Bachint ikageuka rangi ya zambarau, na mwendo wake ukawa wa kuyumba. Akashika ukingo wa chuma ulioko upande wa bonde na kumtazama mumewe.

"Maziwa yamechemka?"

"Maziwa gani, Mama Lakhbir?"

"Ya nyati. Mfunge ndama kwanza."

Nyati wao wa kufugwa walikwisha kumuuza miaka mingi iliyopita.

Rokaya, mchukuzi wa Kinepali, alikuwa akiwafuata tangu asubuhi na tenga tupu mgongoni, akitania kwamba bibi mwepesi hivyo angembeba kwa bei ya kuku. Sasa utani ukamwisha.

"Baba, tusizungumze bei. Hewa nyepesi ya huku juu imemvuruga kichwa. Ashuke sasa hivi, la sivyo atatufia hapa."

Lakini Bachint hakuuachia ukingo. Alisema ameahidi miguu yake, si mgongo wa mtu. Nachhattar akajaribu kuvibandua vidole vyake kimojakimoja, akashindwa. Mtu aliyepitisha malori katika milima ya kila namna alishindwa na vidole vya kikongwe, na alitamani kulia.

Ndipo akamwinamia sikioni.

"Tumeshafika, mama. Umeoga, tumeomba, tumekula na wali wa dengu. Sasa tunarudi nyumbani."

"Nimeoga?"

"Umeoga. Nadhiri imekwisha."

Vidole vikalegea vyenyewe. Bachint akatabasamu kama bibi harusi, akakubali kuketishwa ndani ya tenga na kufungwa shali kifuani.

Abiria wa tenga hukaa akimpa mgongo mchukuzi, kwa hiyo alikuwa anamtazama mumewe. Rokaya akashika njia kwa hatua za mbiombio. Nachhattar akafuata, magoti yakimwakia moto, na kila hatua ikazidi kuwatenga. Akamwona mkewe akipenyeza mkono chini ya mtandio na kupapasa kichwa, taratibu, toka paji hadi kisogoni.

"Baba Lakhbir," akaita, na sauti yake ilikuwa timamu kabisa. "Mbona nywele zangu kavu?"

Nachhattar akainamisha macho kwenye mawe ya njia.

"Jasnoor," Bachint akasema. Akaanza kufungua shali kwa mikono isiyo na nguvu. "Jasnoor wangu. Nirudisheni juu."

Rokaya akasimama, akageuza shingo, akauliza kama amngoje mzee.

"Usinisubiri," Nachhattar akasema. "Kimbia."

Rokaya akakimbia. Tenga likaingia ukunguni, na Bachint alikuwa bado anamtazama, akingoja ajibiwe.