Shati la Shemeji

Yote yanayosimuliwa hapa ni kweli tupu, hayakuongezwa hata kishikizo kimoja. Anayebisha akamuulize fundi cherehani mwenyewe; na fundi akikana, aulizwe mkasi wake, maana katika chumba kile kitu pekee ambacho hakijawahi kusema uongo ni mkasi.

Mtaani walimwita Redio, kwa sababu alianza kusema kabla hajafungua mlango na hakuzimika mpaka aufunge. Aliwahi kuapa kwamba mwizi alipita mbio mbele ya cherehani yake, naye akamshonea mfuko wa suruali bila mwizi kusimama. Watu walicheka, wakamletea nguo. Uongo wa namna hiyo haukumuumiza mtu.

Kisha vita vikaja. Mkubwa wa nchi akatangaza kuwa adui amekwisha, ng'ambo ya mto yamebaki majivu na mbwa tu. Akaamuru siku ya ushindi iandaliwe, na kila mtu avae shati lenye sura ya Mkubwa mgongoni. Marobota ya kitambaa yakashushwa kwa fundi. Alishona mpaka kidole gumba kikafa ganzi, na kila aliyekuja kupimwa aliondoka na habari za nyongeza: eti adui amechanja mashua zake kuwa kuni, eti jenerali wao siku hizi anauza njugu.

Dada yake, aliyemfuata kuzaliwa, hakucheka. Yeye na mumewe, mwoka mikate, walikaa chini kabisa, karibu na daraja. Siku moja alisimama mlangoni akaeleza kwamba mumewe, kila alfajiri anapowasha tanuri, anaona mashua zikijipanga ng'ambo, na walinzi wa daraja wamepelekwa mjini kujaza safu za gwaride. Aliomba wahamie chumba cha nyuma cha kaka yake mpaka mambo yatulie.

Chumba hicho kilijaa mashati ya ushindi. Fundi angeweza kuyasogeza. Badala yake akamtania mbele ya wateja: shemeji akiona moshi wa tanuri lake mwenyewe, anadhani ni manowari. Wateja wakacheka, na kile kicheko kikampanda kichwani.

"Adui akivuka mto ule," akasema, "nitawageuzia nguo mtaa mzima, bure."

Hapo wakaangua kicheko kabisa. Kugeuza nguo ndiyo kazi aliyoichukia kuliko zote: shati lililopauka linafumuliwa mshono kwa mshono, upande wa ndani unaletwa nje, kisha linashonwa upya. Kila alipoombwa kazi hiyo, macho yake yaliugua ghafla. Dada yake hakubishana naye. Alichukua shati la mumewe, lililokuwa tayari, akaondoka.

Adui alivuka siku ya ushindi yenyewe, asubuhi, gwaride likiwa limeshika njia. Darajani hapakuwa na mtu. Mizinga ilipoanza, wa kwanza kushuka jukwaani alikuwa Mkubwa. Jioni askari walikuwa wamemrudisha adui ng'ambo, lakini mtaa wa chini haukuwepo tena. Mwoka mikate alifia mbele ya tanuri lake. Shati la ushindi lilibaki msumarini. Mwenyewe alikuwa amesema hataki kulitia unga kabla ya gwaride.

Matangazo yakasema adui alikuja kama mwizi, hakuna ambaye angejua. Muuza mboga aliyasikia akiwa kwenye foleni ya maji, akauliza, taratibu tu, kama wao waliokuwa wakiziona mashua kila siku si watu. Juma lililotangulia foleni nzima ingemkimbia. Sasa hakuna aliyemnyamazisha; kila mmoja alikuwa na lake, hata mmoja wao aliyewahi kufukuzwa kazi kwa kosa la kueneza hofu. Kinyozi, aliyekuwa akimshangilia Mkubwa mpaka anamkata mteja sikio, alishusha picha ya Mkubwa ukutani. Pakabaki mraba msafi kuliko ukuta wote.

Kisha wakaanza kwenda kwa fundi. Nguo zilikuwa adimu, hakuna aliyeweza kutupa shati jipya, lakini hakuna aliyetaka kutembea na sura ile mgongoni. Wakayarundika mezani.

"Ulituahidi, Redio," kinyozi akasema. Hakuwa anatania.

Fundi akafumua. Alipogeuza la kwanza, Mkubwa alikuwa pale pale, amefifia tu, anatazama upande mwingine. Rangi ilikuwa imepenya. Na ni fundi huyo huyo aliyewaapia wote kwamba kitambaa ni cha daraja la kwanza. Kinyozi akaliinua shati kwenye mwanga wa dirisha, akalirudisha mezani.

Ikabidi migongo ya mashati ikatwe na kuwekwa mingine. Fundi akatoa mapazia yake, halafu shuka zake. Mtaa mzima ukatembea na maua ya pazia mgongoni.

Dada yake alikuja mwisho, wengine wakiwa wameshaondoka. Alilishika lile shati la mumewe kwa mikono miwili, kama kitu cha moto.

"Siwezi kulitupa, ni lake," akasema. "Siwezi kulitazama, lina huyu."

Mapazia yalikuwa yamekwisha. Shuka zimekwisha. Fundi akafungua sanduku, akatoa koti lake la harusi, akalitandaza mezani. Mkono ukasita juu yake. Akaona afadhali aseme kitu, kama kawaida yake.

"Hata mimi, dada, moyoni nilikuwa na wasiwasi. Siku ile ile nilitaka nikufuate, nikuite, ila nika—"

"Kaka."

Alikuwa anaangalia chumba cha nyuma. Mlango wake ulikuwa wazi, na ndani mlikuwa mtupu. Kitanda kingeenea, na nafasi ikabaki.

"Kata," akasema.

Akakata. Mkasi ukapita katikati ya mgongo wa koti, naye akashona mpaka mwisho bila kufungua mdomo. Waliopita nje walidhani fundi amefunga.