Alama Kabla ya Herufi

Drateru alijua kosa lilipo. Programu ya kusahihisha tahajia ilidhani ile alama ndogo iliyo mwanzoni mwa neno inafungua nukuu, ikaifuta. Kwa Kiingereza haidhuru. Kwa Kilugbara, neno 'ba, yaani watu, linageuka neno jingine, na vitabu vya darasa la kwanza vilikuwa vinangoja kuchapwa Arua.

Aliandika kiraka, mistari michache ya msimbo, akakitia katika kompyuta za ofisi yao. Kila toleo jipya la programu lilikifuta, naye alikirudisha. Théodore, fundi mwenzake aliyetoka Kongo, alimtania kwamba anaziba paa la jirani kila mvua ikinyesha.

Kisha Keji, mwalimu wa shule ya Kuluba, akapiga simu kutoka Koboko. Alikuwa anaandaa vitabu vya Kikakwa, lugha yenye alama hiyohiyo.

"Dada, nasikia kwako iko sawa," alisema. "Kwangu bado inakula alama. Watoto ya Arua peke yao ndio watasoma?"

Zamani Drateru aliwaandikia watungaji wa programu, nao wakaifunga taarifa yake bila kuishughulikia. Sasa aliisoma upya pamoja na Théodore. Aya ya kwanza ilikuwa salamu. Ya pili iliwatakia heri wao na familia zao. Kosa lenyewe lilijitokeza katika aya ya nne, kwa adabu nyingi hata likafanana na shukrani.

"Ulipiga hodi tu," Théodore alisema. "Hukuingia."

Drateru akaandika nyingine: unachochapa, kinachotokea, kinachotakiwa. Chini yake akaweka kiraka na maneno ya majaribio, ya Kilugbara kutoka kwake na ya Kikakwa kutoka kwa Keji, ili atakayeharibu tena agundue papo hapo. Watungaji wakamtaka abadili mstari mmoja. Akabadili. Wakakipokea.

Toleo lililofuata lilifika Koboko bila Drateru kugusa kitu. Keji akapiga simu.

"Alama iko. Lakini sasa inachora nyekundu chini ya maneno yangu yote. Inasema haiyajui."

"Kamusi ya Kikakwa haina," Drateru alisema. "Hiyo utawaandikia wewe, mwalimu. Fungua kompyuta, tuanze."