Bendera Nne za Kazadi

Bitota alikuwa na hamu ya samaki tangu zamani za vita, na hamu hiyo msiichezee. Wakati ule treni zilikuwa zimekatika, njia ya mtoni imeshikwa na wenye bunduki, na Kindu nzima inakula sombe, majani ya muhogo, asubuhi, sombe jioni, chumvi yenyewe ya kubahatisha. Yeye alikuwa na mimba ya mtoto wao Douce. Mume wake Kazadi, mtu wa reli, akamhurumia. Akashika jembe, akaanza kuchimba bwawa nyuma ya nyumba, karibu na chemchemi, wafuge tilapia wao wenyewe. Alikuwa amefika kiunoni askari walipoingia. Shimo la nini hili? Handaki la maadui! Wakamlazimisha alifukie kwa mikono yake, mke wake akitazama.

Tangu siku ile Kazadi hakuchimba tena hata shimo la mgomba.

Sasa vita imekwisha, treni inakuja inapojisikia, Douce ana watoto wake, na parseli, kiwanja chenyewe, ni yao kwa hati.

“Baba Douce, bwawa langu iko wapi?” Bitota akamuuliza.

“Bila ruhusa ya Leta sitii jembe, Mama Douce. Treni haitoke bila ruhusa.”

Haya, wakaenda bironi, kwenye ofisi ya hiyo Leta, yaani serikali. Wakazungushwa weee! Mara mkubwa ametoka, mara muhuri umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo yuko msibani. Bitota alikalia benchi la pale mpaka mlinzi akaanza kumwita shangazi. Mwishowe Mama Odile, mkubwa wa ofisi ile, akatoa neno: wekeni alama kwenye pembe za bwawa, Alhamisi nakuja mwenyewe. Majirani wote wasimame pale pale na wakubali, maana maji yakifurika yataingia kwao. Akikataa mmoja, hakuna ruhusa.

Kazadi akarudi nyumbani anapiga miluzi. Na hapo ndipo alipoharibu. Mtu wa reli hata akistaafu, reli haimtoki. Akitaka kusema hapa kuna kazi, angalieni, anasimika bendera nyekundu. Basi akachana shuka kuukuu jekundu, akafunga kwenye vijiti vinne, akavichomeka kila pembe, akaenda kuoga akijisifu.

Jamani! Mtaa ule unajua nyekundu moja tu: ile rangi ambayo Leta inapaka ukutani mwa nyumba inayotaka kuivunja, kisha tingatinga linafuata. Jua halijachwa, mtaa mzima ulikuwa umeshajua kwamba Kazadi amewauza, nyumba zivunjwe barabara ipite. Léon, jirani wa upande wa juu, akabandua mabati ya jiko lake ili tingatinga lisiyakute. Mounira wa upande wa chini, muuza mandazi, alisalimiwa na Bitota mara ya kwanza na ya pili, akageuza uso. Bitota akaingia ndani anajiuliza amemkosea nini.

Alhamisi Mama Odile akafika na muhuri wake mkobani. Majirani wamejipanga, mikono kifuani, hakuna anayecheka.

“Munakubali?” akawauliza.

“Wapi!” Léon akasema. “Aseme kwanza barabara itapita wapi. Mimi niko na batoto, sibomolewi hivi hivi.”

“Barabara gani?” Kazadi akauliza, lakini kelele zikamfunika. Akawatazama, mabega yakamshuka. Akainama, akang’oa kijiti cha kwanza, kama siku ile alipofukia shimo mbele ya askari.

“Tuache, Mama Douce. Tuache tu.”

Moyo wa Bitota ukapasuka. Alijua kwamba leo mume wake akiacha, ameacha moja kwa moja.

“Rudisha hiyo kijiti!” akafoka. Kisha akawageukia majirani. “Na ninyi, barabara imetoka wapi? Ni bwawa! Ni samaki! Huyu muzee ni wa reli, hajui kuweka alama ingine!”

Mounira akasogea polepole.

“Papa Kazadi, kwenu ku reli, nyekundu njo nini?”

“Njo simama.”

“Na ya kwenda?”

“Kijani.”

“Sasa umetuwekea simama nne, halafu unataka tukubali?”

Mtaa ukaangua kicheko, Mama Odile akatafuta pa kukaa. Mounira akavuta kitambaa cha kijani alichofunikia mandazi, akakifunga kwenye kijiti. Léon, kwa aibu, akakimbia kwake akaleta jezi yake ya mpira, ya kijani iliyopauka. Pembe mbili zilizobaki zikapata majani ya mgomba. Wote wakakubali, muhuri ukagonga karatasi juu ya goti la Mama Odile, na Bitota akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Kesho yake Kazadi akashika jembe. Alichimba akiimba, Léon akibeba udongo, Bitota akiwasimamia wote wawili kwa mdomo. Alipofika kiunoni, mlango wa ua ukalia. Wimbo ukakatika. Kazadi akasimama na jembe hewani, macho mlangoni, na Bitota akajua amerudi kwenye siku ile ya askari.

“Baba Douce,” akamwambia taratibu, “ni mandazi inakuja. Chimba.”

Mounira akaingia na sinia lake. Kazadi akavuta pumzi, akashusha jembe udongoni, shimo likapita kiunoni.