Tundu la Mkono wa Kushoto

Kwa miaka kumi na mmoja mume wangu ameusifia ule mji wa kale kando ya mto: ngazi za mawe zinazoteremka hadi majini, maghala ya zamani, alama za mafuriko zilizochongwa ukutani. Aliishi kule kabla hatujaoana, akitengeneza madirisha ya nyumba za kihistoria. Lakini nikimwambia anipeleke, ana kazi. Mimi si mjinga. Mwanamume hasifii ngazi namna hiyo.

Mwaka huu nikapanga safari mwenyewe, na nyumba ya wageni nikaichagua mwenyewe, yenye madirisha yanayotazama mto. Tulipofika mlangoni mwanamume akanywea. Eti tutafute kwingine, hapa pana unyevu. Nikamwambia maji tumeyavulia nguo, tuingie tu.

Mwenye nyumba alikuwa mwanamke wa rika langu, mpole, kapendeza bila hata kujitahidi, na hilo ndilo lililoniudhi. Akamsalimia mume wangu, habari za siku nyingi, fundi. Fundi akajibu njema huku akitazama viatu vyake. Hata chai hakunywa, akasema anakwenda kuziona ngazi. Ngazi hizo zina nini, jamani?

Nikapanda chumbani peke yangu. Mimi ni fundi cherehani. Wenzangu wakiingia chumba cha wageni hutazama kitanda, mimi natazama pindo la pazia. Lilishonwa kwa mkono, mshono mdogo mdogo umelalia upande usio wa kawaida, kazi ya mtu wa mashoto.

Mshono ule naujua. Uko kwenye shati jeupe la mume wangu, ambalo hadi leo hataki litupwe. Ndilo lililotukutanisha: aliingia nalo dukani kwangu nimkatie tundu la kifungo, maana mkono wa kushoto halikuwa nalo. Tukacheka sana siku ile. Akaniambia amelinunua sokoni, na siku ya ndoa yetu akalivaa.

Nikashuka jikoni, maneno ya kumchamba nimeshayapanga. Mwenye nyumba alikuwa anafuta vikombe, kitambaa mkono wa kushoto. Nikamwuliza kama aliwahi kumshonea mume wangu shati.

"Jeupe," akasema. "Lilikuwa la harusi."

"Harusi ya nani?"

"Yetu."

Akanieleza bila kinyongo, na heri angenitukana. Kadi zilikuwa zimeshagawiwa. Fundi akasafiri wiki moja kununua bawaba za madirisha, akabeba na shati ili atafute suti ya kulandana nalo. Kilichorudi ni barua ya mistari mitatu. Nikamwuliza ilikuwa mwezi gani. Akanitajia, na ulikuwa mwezi ule ule aliosimama mlangoni pa duka langu.

Nilikuja pale kumwonea wivu mwizi wangu. Kumbe aliyeibiwa ndiye aliyenipokea begi.

"Tena nilikuwa sijalimaliza," akasema, akikigeuza kikombe. "Lilibaki tundu moja, la mkono wa kushoto. Huwa najiuliza alilivaaje."

Ningeweza kunyamaza. Nje nilimsikia mume wangu akipanda ngazi, taratibu, mtu asiyetaka kufika.

"Alilileta kwangu," nikamwambia. "Nililimaliza mimi."